Mhusika Mkuu Pambizoni

Fungua makala yoyote ya kisayansi ya miaka ya karibuni kuhusu bakteria wa ng'ombe wanaotengeneza sumu ya Shiga, na kabla hujafika mwisho utakutana na picha ileile. Duara kubwa limejaa ukurasa. Katikati kuna kishina kimoja, na kutoka hapo matawi yanagawanyika mara mbili, kisha mara mbili tena, hadi ukingoni yanakuwa mamia ya vijiti ambavyo jicho haliwezi kuvitenganisha. Nje ya ukingo zimepangwa pete za rangi. Ya kwanza husema sampuli ilitoka kwa nani: ng'ombe, mtu, nyama ya kusaga, maji ya mto. Ya pili husema nchi, ya tatu mwaka. Pete ya mwisho, ambayo msomaji huifikia akiwa ameshachoka, husema bakteria huyo amebeba sumu ya aina gani.

Picha hiyo ni utungo, na utungo una fani. Tumezoea kuuliza habari za fani tunapohakiki utenzi au riwaya: msuko unaruhusu nini, mtazamo wa msimulizi unaficha nini, nani amepewa sauti na nani anatajwa tu. Mti wa nasaba wa bakteria unastahili maswali hayohayo. Dai langu ni kwamba fani hii imejengwa kwa namna ambayo jambo lililosababisha iandikwe haliwezi kukaa ndani yake. Makala imeandikwa kwa sababu ya sumu, lakini sumu haimo mtini. Imebandikwa pambizoni, kwa rangi.

Kwanza maudhui, kwa ufupi. Escherichia coli ni mkazi wa kawaida wa utumbo; daktari Theodor Escherich alimweleza mwaka 1885, akichunguza kinyesi cha watoto wachanga mjini Munich. Wengi wa ukoo huu hawamdhuru mtu. Baadhi yao wamebeba jeni za sumu iliyo ndugu wa karibu sana na ile ya bakteria wa kuhara damu aliyetambuliwa na Kiyoshi Shiga nchini Japani mwaka 1897. Sumu ina kipande A kimoja na vipande B vitano. Vile vitano hushika molekuli fulani ya sukari na mafuta iliyo juu ya seli, iitwayo Gb3. Kile kimoja huingia ndani, kinang'oa adenini moja tu kwenye ribosomu, na kazi yote ya kutengeneza protini inasimama. Mishipa midogo ya figo za binadamu ina Gb3 kwa wingi. Ndiyo maana ugonjwa huanza kwa kuhara damu, na kwa baadhi ya watoto huishia kwa figo kufeli. Mishipa ya utumbo wa ng'ombe haina molekuli hiyo ya kushikwa, jambo lililoonyeshwa mwaka 2000. Ng'ombe hubeba bakteria, anacheua, anakamuliwa, wala hana habari.

Sasa fani, kuanzia kongwe kuliko zote, nayo ni jina. O157:H7 ni mshororo mmoja wenye ukwapi na utao, nukta mbili zikiwa mpaka kati yao. Mfumo huu uliwekwa sawa miaka ya 1940 na Fritz Kauffmann mjini Copenhagen. Ukwapi hutaja mnyororo wa sukari uliolivika ganda la nje la bakteria. Utao hutaja protini ya mkia anaoogelea nao. Namba zilitolewa kwa kufuata zamu ya kuandikishwa, basi 157 inakuja baada ya 156 na haina maana nyingine yoyote. Leo kuna zaidi ya O 180 na zaidi ya H 50. Ukiusoma mshororo huo kwa makini utaona unaeleza mavazi tu. Hakuna neno kuhusu sumu.

Hata hivyo jina lilichukua nafasi ya ugonjwa. Mwaka 1982 watu wa majimbo ya Oregon na Michigan nchini Marekani waliugua kuhara damu baada ya kula hambaga za mikahawa ya kampuni moja, na bakteria aliyepatikana, ambaye alikuwa nadra mpaka wakati huo, alikuwa amevaa O157 na H7. Mwaka 1993 mlipuko mwingine wa hambaga ambazo hazikuiva uliwapata zaidi ya watu 700 katika majimbo ya magharibi, na watoto 4 wakafariki. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ikatangaza kwamba nyama mbichi ya kusaga yenye O157:H7 ni bidhaa iliyochafuliwa, haiuzwi. Sheria ikawa imepiga marufuku vazi. Bakteria mwenye sumu ileile aliyevaa O26 au O111 aliendelea kupita mlangoni bila kuulizwa hadi 2012, ambapo mavazi mengine sita yaliongezwa kwenye orodha. Mhakiki wa fasihi anaijua kasoro hii: kuichukua alama ya nje kuwa ndiyo maana yenyewe, kisha kutunga kanuni juu ya alama.

Kuna mfano wa Afrika unaoonyesha udhaifu wa mshororo huo vizuri zaidi. Mlipuko mkubwa wa kuhara damu uliotokea Swaziland, Eswatini ya leo, mwishoni mwa 1992 ulisababishwa na bakteria aliyeandikwa O157:NM. Herufi hizo mbili za mwisho zina maana kwamba hakuwa anaogelea, hivyo mkia wake haukuweza kupimwa. Utao ukabaki mtupu. Nitaurudia mlipuko huu mbele, kwa sababu waliouandika walifanya jambo ambalo mti hauwezi kulifanya.

Baada ya jina ikaja sahani, na hapa ndipo pana siri ambayo makala nyingi huipitia kwa sentensi moja katika sehemu ya mbinu. Chukua kinyesi cha ng'ombe, kipake kwenye sahani ya agari iliyowekwa sukari ya sorbitoli, iache usiku mzima kwenye joto la mwili. Asubuhi sahani imejaa vidoa vya duara. E. coli wengi hula sorbitoli, na vidoa vyao huwa vya waridi. O157:H7 wa kawaida hawezi kuila upesi, kwa hiyo kidoa chake hukaa bila rangi, cha kijivu kisichovutia. Mtaalamu hupita na kitanzi cha waya, anakwepa vya waridi, anadonoa kile kisicho na rangi. Njia hii ilienea tangu 1986 na imeokoa maisha ya watu, maana hospitali ndogo iliweza kumtambua adui kwa macho na kwa gharama nafuu.

Lakini itazame kama kitendo cha uhariri. Kila mwenye sumu anayekula sorbitoli ameachwa kwenye umati wa waridi pamoja na wasio na hatia. Kwa miaka mingi, tuliposoma sentensi kuhusu utofauti wa kijenetiki wa bakteria wenye sumu kwa ng'ombe, tulikuwa tunasoma utofauti wa wale tu waliopoteza uwezo mmoja wa kula sukari moja. Kisha kuna lile donoo lenyewe. Utumbo mmoja wa ng'ombe unaweza kuwa na nasaba kadhaa kwa wakati mmoja, ila mara nyingi kidoa kimoja au vichache ndivyo vinavyoendelea mbele. Ng'ombe mmoja, kidoa kimoja, kijiti kimoja ukingoni mwa duara. Mkusanyiko wa hadithi ulioteuliwa hivyo tungemuuliza mhariri wake maswali makali sana.

Fani ya tatu ninaipenda kuliko inavyostahili, nayo ni picha ya jeli. Mwaka 1984 David Schwartz na Charles Cantor walionyesha kwamba vipande virefu sana vya DNA vinaweza kutenganishwa ndani ya jeli kwa umeme unaobadili mwelekeo kila baada ya muda. Mwaka 1996 Marekani iliunganisha maabara zake za afya katika mtandao wa PulseNet, na kila maabara ikawa inakata DNA ya bakteria kwa kimeng'enya kilekile, XbaI, na kupiga picha ya mistari inayotokea. Safu moja kwa bakteria mmoja. Msomaji hushika safu mbili akaziweka ubavu kwa ubavu: mistari inalingana au hailingani? Swali la fani hii ni la kipolisi. Ni yuleyule? Haijali nani ni babu wa nani.

Mwaka 2002 Indira Kudva na wenzake walichungulia kile kinachoitofautisha mistari ya O157:H7 mmoja na mwingine. Mtu angetarajia mabadiliko ya herufi mojamoja yaliyofuta au kuumba mahali pa kukatwa na kimeng'enya. Walichokuta kwa sehemu kubwa ni vipande vizima vya DNA vilivyoingizwa au kuondolewa, na katika bakteria huyu vipande vya namna hiyo mara nyingi ni faji, yaani virusi vya bakteria vilivyojipachika ndani ya DNA ya mwenyeji wao. Ukilifikiria hilo utaona kwamba jeli, kwa ukorofi wake wote, ilikuwa inasoma mahali penyewe. Sumu ya Shiga ni mali ya faji. Jeni zake hazikutungwa na bakteria. Zimo ndani ya kirusi kilichojificha humo. Mistari ile myeusi ilikuwa ikitikisika kila faji ilipoingia na kutoka, ingawa wasomaji wake hawakujua wanasoma nini. PulseNet iliiacha jeli mwaka 2019 na kuhamia usomaji wa jenomu nzima. Ulikuwa uamuzi sahihi, ila kitu fulani kilipotea katika uhamisho huo, na ndicho kinachonileta kwenye mti.

Mti hutungwaje? Bakteria wa ng'ombe wa Scotland au wa mgonjwa wa London husomwa katika vipande vifupi vya mamia ya herufi. Vipande hivyo hupangwa juu ya nakala ya kulinganishia, ambayo kwa O157:H7 mara nyingi ni jenomu iitwayo Sakai, kutoka mlipuko wa 1996 katika mji wa Sakai, Japani, ulioangusha maelfu ya watoto wa shule na kuhusishwa na machipukizi ya figili. Kisha zinahesabiwa herufi zinazotofautiana. Uingereza, sampuli zinazopishana kwa herufi 5 au pungufu hutazamwa kuwa huenda zina chanzo kimoja, na maofisa wa afya huanza kupiga simu. Ni usahihi wa kutisha: herufi 5 kati ya milioni 5.5.

Ila kabla ya kuhesabu kuna hatua moja. Sehemu zinazojirudia na zile zilizoingia kutoka nje hufunikwa zisihesabiwe, kwa sababu mti unadai urithi unaotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na kitu kilichoingia ubavuni kinauvuruga. Sakai ana faji 18 ndani yake, nyingi zikifanana kiasi kwamba vipande vifupi havijui virudi kwenye ipi. Hizo ndizo zinazofunikwa. Mbili kati yake ndizo zenye sumu, moja ikiwa na sumu ya Shiga ya aina ya kwanza na nyingine ya aina ya pili. Nyumba ya sumu, basi, huondolewa ukurasani kwanza, halafu mti huchorwa, halafu sumu hurudishwa kama rangi nje ya duara.

Wenyeji wa pwani wanaijua fani ya aina hii. Nasaba zilizotunzwa katika nyumba za Lamu, Pate na Unguja hupanda kutoka kwa mtoto hadi kwa baba, kwa babu, kwa babu wa babu, zikavuka bahari bila kukatika. Ni hati za kweli na zimehifadhi mengi. Lakini mashamba, majahazi na lugha ya nyumbani mara nyingi viliingia kwa upande wa wake, na wake hawamo katika mstari. Mtu akitaka kujua jina, nasaba inamtosha. Akitaka kujua mali ilitoka wapi, hati hiyo itampoteza kwa ukamilifu wake wenyewe.

Siutukani mti. Umetufundisha kwamba O157:H7 anatokana na babu aliyevaa O55:H7, bakteria wa kuhara kwa watoto. Umewagawa O157:H7 katika nasaba, na kuonyesha kwamba zipo zinazopatikana zaidi kwa ng'ombe kuliko kwa wagonjwa. Mwaka 2008 Shannon Manning na wenzake waligawa makundi tisa, na kundi la nane likaonekana kuwa na wagonjwa wengi zaidi wa figo. Humo walikuwamo bakteria wa mlipuko wa spinachi ya California wa 2006, uliogusa watu wapatao 200 katika majimbo 26, ambao bakteria wake walipatikana pia kwenye kinyesi cha ng'ombe na cha nguruwe pori karibu na shamba. Kazi hiyo isingewezekana kwa jina wala kwa sahani.

Sikiliza tu jinsi hadithi yenyewe inavyosimuliwa mara mwandishi anapoacha picha na kuanza kueleza kwa maneno. Babu wa O55 alipata faji ya sumu ya pili. Akabadili vazi, akachukua O157. Akapata plasmidi kubwa, yaani DNA ya ziada iliyo kando ya kromosomu. Akapata faji ya sumu ya kwanza. Akapoteza sorbitoli. Kila kitenzi muhimu isipokuwa cha mwisho ni cha kupata kitu kutoka nje. Msuko mzima wa mti unasimuliwa na matukio ambayo mti wenyewe umekatazwa kuyachora.

Mizizi ya upofu huu iko katika picha nyingine, ya Januari 2001, Nicole Perna na wenzake walipochapisha jenomu ya EDL933, bakteria aliyetolewa kwenye nyama ya kusaga ya Michigan katika mlipuko ule wa 1982. Picha yao kuu ni duara la rangi. Bluu ni sehemu anazoshiriki na K-12, E. coli wa maabara. Nyekundu ni sehemu zake peke yake, walizoziita visiwa vya O. Kijani ni sehemu za K-12 peke yake. Msomaji hupata picha ya bara la bluu lililovamiwa na wekundu: jeni mpya 1,387, zote zikionekana ni ziada. Ni utungo wenye nguvu, na ulibadili fikra za taaluma nzima kwa kuonyesha kwamba wawili wenye jina moja la spishi wanaweza kutofautiana kwa zaidi ya robo ya mmoja wao.

Lakini nani aliyefanywa bara? K-12 alitolewa kwa mgonjwa mmoja huko Stanford mwaka 1922, akakaa maabara kwa miongo mingi hadi akapoteza sukari za vazi lake la O. Mwanzoni alikuwa na faji yake, lambda, iliyogunduliwa ndani yake na Esther Lederberg na kutangazwa mwaka 1951. Tawi la K-12 lililosomwa jenomu yake na kuchapishwa 1997, MG1655, lilikuwa limeshaondolewa faji hiyo maabara. Kipimo cha bakteria wa kawaida kikawa ni bakteria aliyenyang'anywa kirusi chake kikuu. Kisha bakteria wa ng'ombe akaja na faji zake na zikaonekana ni uvamizi. Lau picha ingechorwa kinyume, EDL933 akiwa bara, K-12 angeonekana kama mtu aliyeibiwa. Data ingekuwa ileile. Ninashangaa kwamba hakuna aliyeichora hivyo kwenye jalada la kitabu cha wanafunzi.

Mtihani wa fani zote hizi ulikuja Ujerumani, Mei na Juni 2011. Watu 3,816 waliugua na 54 wakafa; 845 walipata ugonjwa wa figo na damu, wengi wao wanawake watu wazima, kinyume na mazoea. Matango ya Hispania yalilaumiwa kwanza, wakulima wakala hasara, kisha ikagundulika ni mbegu za uwatu zilizochipuzwa kwenye shamba moja la Niedersachsen, mbegu zilizotoka Misri. Bakteria alikuwa O104:H4. Jina lake halikuwa miongoni mwa yaliyozoeleka. Kwenye sahani ya sorbitoli hakuwa na alama ya kumtenga. Kwenye mti aliangukia mbali kabisa na O157, karibu na bakteria aitwaye 55989 aliyetolewa miaka ya 1990 kwa mgonjwa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, wa kundi linalojulikana kwa kuharisha kwa muda mrefu wala si kwa sumu. Hakuwa na ile seti ya jeni ambayo O157 hutumia kujibandika utumboni, na ng'ombe hawakuhusika.

Alichokuwa nacho ni faji yenye sumu ya pili, aina ya 2a, ileile inayotisha zaidi katika O157. Mti ulisema kweli tupu: hawa wawili si ndugu. Na kwa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kusafisha damu mjini Hamburg, kutokuwa ndugu huko hakukuwa na uzito wowote. Data ya jenomu iliwekwa wazi siku hizo za Juni, na wanasayansi wa nchi mbalimbali wakaichambua kwa pamoja ndani ya siku chache. Jambo la kwanza walilolikimbilia lilikuwa faji.

Na ng'ombe je? Katika duara yeye ni rangi moja, aghalabu kahawia. Hana umri, hana kundi, hana malisho. Zizi la maziwa lenye sakafu ya saruji na ng'ombe wa mfugaji anayehama vinapata kahawia ileile. Utafiti wa Scotland umeonyesha kwamba bakteria huyu hupenda sehemu ndogo mno ya mwili wa ng'ombe, sentimita chache za mwisho za utumbo kabla ya njia ya haja kubwa, na kwamba ng'ombe wachache wanaotoa zaidi ya bakteria 10,000 katika kila gramu ya kinyesi ndio wanaosambaza sehemu kubwa ya maambukizi zizini. Hiyo ni habari ya mhusika hasa: mahali, kiasi, tabia. Haina pete. Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta bakteria wenye sumu ya Shiga kwa zebu wenye afya njema. Zebu hao nao, wakiingia kwenye duara la dunia, wanakuwa vijiti vya kahawia kati ya vijiti vya kahawia.

Linganisha na waandishi wa mlipuko wa Swaziland. Ripoti yao, iliyotoka 2001, imeandikwa kwa nathari, na nathari hiyo ina mandhari. Ukame mkali umeua ng'ombe. Mizoga na samadi vimelala juu ya ardhi kavu. Mvua kubwa zinanyesha, uchafu unaoshwa kuelekea mitoni, na watu wanachota humo maji ya kunywa. Katika Oktoba na Novemba 1992 pekee zaidi ya mahudhurio 40,000 ya wagonjwa wa kuhara yaliandikwa, mara saba ya kawaida. Waandishi hawakuwa na jenomu hata moja. Wanafuatanisha sababu na matokeo kwa viunganishi vya kawaida vya lugha, na msomaji anamwona ng'ombe, maji na mtu katika sentensi moja. Uhakiki wa haki hauna budi kusema kwamba hii ndiyo kazi iliyokamilika zaidi katika zote nilizozitaja, ingawa jina la bakteria wake lilikuwa nusu.

Siku hizi fani nyingine inajitokeza, haipendezi macho na wahariri wa majarida huisukumia kwenye viambatisho. Mashine zinazosoma vipande virefu vya DNA, maelfu ya herufi kwa mkupuo, zimewezesha faji zilizokuwa zikichanganyana kutenganishwa. Sasa zinachorwa peke yake: mistari ya ulalo, mmoja juu ya mwingine, kila jeni ikiwa mshale, na vivuli vya kijivu vikiunganisha sehemu zinazofanana kati ya mstari na mstari. Ukiziangalia unaona mambo mawili ambayo mti haukuwahi kuyasema. La kwanza ni anwani. Faji za sumu hujipachika mahali pachache panapojulikana, wrbA, yehV, sbcB, argW, na ile ya O104:H4 ilikaa wrbA, mlango uleule inaoutumia faji ya EDL933. La pili ni mpangilio. Faji hizi zimekatwa na kuungwa upya mara nyingi hivi kwamba upande mmoja wa mstari haulingani na mwingine, vivuli vinakatikakatika, lakini mshale wa sumu unabaki palepale: baada ya jeni Q, inayofungulia kazi za mwisho za faji, na kabla ya jeni zinazopasua bakteria.

Nafasi hiyo ni maana. Jeni zinasomwa kwa zamu, na sumu imewekwa katika zamu ya mwisho, dakika chache kabla ya mpasuko. Bakteria akiwa salama, faji imelala na sumu ya pili hutengenezwa kidogo tu. DNA yake ikijeruhiwa, faji inaamka, inajizidisha, Q inafungua njia, sumu inatengenezwa kwa wingi, na ukuta unapasuka ukiimwaga nje. Ipo dawa inayoijeruhi DNA ya bakteria namna hiyohiyo, siprofloksasini, na maabarani huiamsha faji. Daktari aliyeletewa mtoto anayeharisha damu, ambaye mkono wake umeshafika kwenye karatasi ya dawa, anahitaji kujua ufuatano wa mishale ile mitatu kuliko anavyohitaji kujua mtoto ameambukizwa na tawi lipi.